Namna ya Kumchekesha Mtoto kwa Jeneza

Anzia Mtaa wa Regent, Sydney, karibu na stesheni ya Central. Pana stesheni ndogo ya mawe, kazi ya msanifu James Barnet, iliyofunguliwa mwaka 1869 ili treni ziwapeleke wafu na wafiwa wao hadi makaburi ya Rookwood. Mfiwa alilipa shilingi moja, kwenda na kurudi. Maiti alisafiri bure. Chora hilo. Popo na radi waachie wengine. Wewe chora karani wa tiketi na miwani yake, na jeneza limepanga foleni kwa adabu. Mtoto atacheka hujamaliza, kwa sababu nauli anaijua, kifo amekisikia, ila hajawahi kuvikuta dirisha moja.

Kisha msome Colin Thompson. Alizaliwa London, akahamia Australia mwaka 1995, na huko akaandika na kuchora The Floods: vitabu vya familia ya wachawi waliopanga maisha yao katika mtaa wa kawaida kabisa, nyumba namba 13. Kijana mkubwa, Valla, ameajiriwa benki ya damu. Bibi kazikwa uani, na mazungumzo naye yanaendelea. Fuata njia hiyo. Zimwi lako lipe kazi, anwani na jirani msumbufu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nalo likijulikana hadi zamu yake ya usiku, msomaji atalifuata kitabu kizima.

Jaza pembe za ukurasa. Katika How to Live Forever, Thompson aligeuza migongo ya vitabu kuwa nyumba zenye madirisha yanayowaka taa. Mtoto huganda hapo, kidole kikitembea, na mtu mzima anayemsomea hana budi kusubiri. Ficha mzaha hata kwenye jalada: mwaka 2006 kitabu chake cha panya aitwaye Riley kilishinda tuzo ya kitabu bora cha picha Australia, mchoraji akiwa Amy Lissiat, ambaye ni Thompson mwenyewe kwa jina la bandia.

Jambo moja usilifanye kamwe: usiandike kwamba bibi amesafiri. Watoto wetu huambiwa hivyo misibani, wakabaki wakichungulia mlangoni kila gari likisimama. Mzike bibi kwenye ukurasa wa tatu, mchana kweupe, kila mtu aone. Mtoto atauliza kama huko chini kuna baridi, na nani atamlisha paka wake. Ukurasa wa nne umjibu.