Hodi, Nimeleta Kitabu

Tuanze na hesabu, kwa sababu anayekukaribisha kwenye biashara ya kuuza kwa katalogi kwa kawaida huanza na picha za safari za Dubai. Tuseme umejiandikisha, na kampuni inakuuzia kwa punguzo la asilimia 20 ya bei iliyochapishwa kitabuni. Jioni baada ya kazi umepita mtaani kwenu Sinza, umepata wateja watano, kila mmoja ameagiza cha shilingi 20,000: huyu losheni, yule manukato, mwingine wanja na rangi ya mdomo. Kampuni haikopeshi, kwa hiyo unatanguliza 80,000 kutoka mfukoni mwako. Mzigo unafika, unaugawa, na kwenye karatasi faida yako ni 20,000 safi. Sasa katika hao watano, mmoja tu mshahara wake ukichelewa, ukachelewa mpaka akahama nyumba, faida yote imehama naye. Akitokea wa pili, ujue wewe ndiye unayelipa ili yeye anukie. Na hapo hatujagusa nauli ya bodaboda, wala makato ya kutuma pesa, wala kitabu chenyewe, ambacho mara nyingi muuzaji hukinunua na mteja hukifanya kifuniko cha ndoo.

Atakayenipinga atauliza, na ana haki ya kuuliza: mbona wauza vitenge na vyombo wa mali kauli wanazunguka mitaa hiyohiyo miaka nenda miaka rudi, wanakopesha, na watoto wao wanasoma? Kweli kabisa, na ndiyo hoja inayonifanya niikatae katalogi ya mlangoni. Muuza vitenge ana bei yake mdomoni. Anakutazama, anaitazama sebule yako, anakumbuka mara ya mwisho ulimzungusha kwa muda gani, ndipo anataja. Ya papo kwa papo ni moja, ya kulipa mara mbili ni nyingine, na ndani ya hiyo ya pili amekwisha kumweka jirani yako asiyelipa. Muuza katalogi hana nafasi hiyo. Bei imechapishwa kwa wino mzuri chini ya picha, mteja anaisoma kabla yako, na hata siku moja hutamsikia akisema iongeze kidogo kwa kuwa nitachelewa kulipa. Atasema nipunguzie, dada, mimi si wa kuja. Bei iliyochapishwa inakuwa dari: juu huendi, chini unavutwa kila siku. Mtaa wetu umezoea kupatana na kukopa, na wewe umeuingia na bidhaa isiyoruhusu kupatana kwenda juu, huku mkopo ukiwa unadaiwa palepale. Faida yako imebanwa pande zote mbili na mtu aliyechapisha kitabu akiwa mbali, hamjui mama wa nyumba ya tatu na ahadi zake za mwisho wa mwezi.

Biashara hii haikuzaliwa Sinza. Mwaka 1886 huko New York, mtu aitwaye David McConnell, aliyekuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba, aligundua kwamba manukato aliyowapa akina mama kama zawadi ili wamsikilize yanapendwa kuliko vitabu vyenyewe. Akaviacha vitabu, akaanzisha kampuni ya manukato ambayo baadaye ikaitwa Avon, na muuzaji wake wa kwanza mashuhuri alikuwa Bi Albee wa mji wa Winchester, jimbo la New Hampshire. Kwa miji midogo iliyokuwa mbali na maduka makubwa, mtu kuja mlangoni na sabuni nzuri lilikuwa jambo la maana. Lakini angalia wenyewe walivyokwenda baadaye. Mwaka 1951 Earl Tupper, mwenye vyombo vya plastiki vya Tupperware, aliviondoa madukani, na hakuvipeleka mlango kwa mlango. Alivipeleka kwenye sherehe za nyumbani, njia iliyokuzwa na Brownie Wise: mama mmoja anaita marafiki, wanakaa, wanacheka, vyombo vinapita mkono kwa mkono. Wamarekani waliokuwa na kengele kwenye kila mlango waliona kuna faida kuwapata watu wakiwa wamekwisha kukusanyika. Sisi tusio na kengele ndio tunaambiwa tubishe.

Na kubisha kwetu kuna gharama ambayo haimo kwenye semina yoyote. Ukipiga hodi ukakaribishwa, tayari wewe ni mgeni, na mgeni haanzi na bei. Kwanza shikamoo, habari za siku nyingi, mama mkwe anaendeleaje na ule mguu. Kinaletwa kiti, halafu chai, halafu vitumbua, na kukataa ni ufidhuli. Unapofika kwenye ukurasa wa losheni, magharibi imeingia, umekula vya watu, na mwenye nyumba anakuambia kwa upendo mkubwa kwamba kitabu ukiache akitazame vizuri. Huwezi kumdai hela mtu ambaye kitumbua chake hujakimeza. Ukienda kwenye nyumba za mageti, Masaki au Mbezi Beach, utaokoa muda mwingi, maana huko hukaribishwi kabisa. Mlinzi atakisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa, ataulizia manukato ya kiume, atasema bosi hayupo, na nyuma yake mbwa mkali wa kwenye kibao atathibitisha kwa sauti. Kwenye nyumba za kupanga zenye vyumba sita na uwani mmoja, testa yako itapulizwa na wapangaji wote, watoto wakiwamo, na uwani utanukia vizuri kwa siku mbili bila oda hata moja.

Halafu kuna kitabu chenyewe na visa vyake. Kuna kurasa zile za kusugua upate harufu. Ukurasa huo ukishapita mikononi mwa mtaa mzima, mmoja akiwa ametoka kuparua samaki na mwingine kukata vitunguu, mteja wa mwisho anausugua, anaunusa, anakutazama kwa huruma. Rangi ya mdomo iliyokuwa nyekundu ya kuiva kwenye karatasi inafika ikiwa ya hudhurungi, na aliyeagiza anakataa kuipokea kwa kuwa siyo hii, kwenye kitabu haikuwa hivi. Kinachobaki ni wewe na rangi ya mdomo usiyoipenda. Kuna wauzaji wa katalogi mjini humu wanaopendeza kwa mchanganyiko wa ajabu, na ukiwachunguza utakuta wamevaa oda zilizokataliwa.

Hoja nyingine ya watetezi ni kwamba pesa haipo kwenye kuuza, ipo kwenye kuwaleta watu chini yako. Ninaichukua hoja hii kama ilivyosemwa: kama pesa haipo kwenye kuuza, basi tusiiite biashara ya kuuza. Mwaka 1979 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilipoamua kwamba mpango wa Amway si upatu haramu, mojawapo ya mambo yaliyoinusuru kampuni hiyo ni kanuni yake iliyomtaka msambazaji awauzie wateja wasiopungua kumi kila mwezi. Yaani hata utetezi wenyewe ulisimama juu ya wateja, na wateja wanaturudisha kwa mama wa nyumba ya tatu. Tume hiyohiyo mwaka 2024 ilitoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato za kampuni 70 za mtindo huu: kwa sehemu kubwa ya taarifa hizo, washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na taarifa nyingi hazikutoa gharama zao. Hiyo ni Marekani, ambako mteja hulipa kwa kadi na haombi umtumie na ya kutolea.

Wanaosema wanajiunga ili wapate punguzo la vitu vyao wenyewe sina ugomvi nao, mradi wasiiite faida. Kununua manukato ya 40,000 kwa 32,000 hakuingizi 8,000, kunatoa 32,000. Wanaosema simu imeondoa taabu zote, kwamba siku hizi unaweka picha kwenye status tu, wamepunguza nauli kweli. Deni halikupungua. Limeongezeka, kwa sababu sasa anayekukopa yuko Morogoro, na namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kitabu kitupwe. Punguzo la asilimia 20 ni pesa halali kama hutembei kuitafuta na kama hela inatangulia mzigo. Masharti hayo mawili yanawaondoa wengi, lakini yanawaacha wengine mahali pazuri. Karani anayekaa na wenzake ishirini ofisini anaweza kuacha kitabu karibu na birika la chai na kukusanya oda siku mshahara unapotoka, wala si siku moja baadaye. Mweka hazina wa kikoba yuko vizuri zaidi, maana anajua nani analipa na nani husafiri ghafla kila marejesho yanapokaribia. Orodha ile ni mali kuliko katalogi. Ila aliyebarikiwa kuliko wote ni msusi. Mteja wake anakaa saa nne, kichwa kimesukwa upande mmoja tu, na kwa hali hiyo hawezi kuaga. Msusi haletewi chai wala hapigi hodi popote. Kitabu kiko mapajani mwa mteja kwa kuwa simu imeisha chaji. Anachagua mwenyewe, na hela ya losheni inatoka pamoja na ya rasta, kabla hajainuka kitini. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kampuni, ningeacha kutafuta watembeaji, nikawanunulia wasusi feni.