Msiiguse Besi ya Mzee

Mke wa mpiga besi wa Nyalenda, Kisumu, akitaka kujua cheo chake nyumbani, na angoje mvua ya Aprili. Bati likianza kuvuja, ataona ni nani anayesogezwa kwanza, yeye au besi.

Gitaa lenyewe rangi imebanduka, jeki imeshikiliwa na selotepu, na ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi haugeuki bila koleo. Mshauri mwenyewe anunue nyuzi mpya, atakutazama kana kwamba umemtukania mama. "Omera, utamu wa benga uko kwenye kutu."

Na ushahidi anao: James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, hakupenda kubadilisha nyuzi mpaka zikatike. Anachosahau kusimulia ni kile kidole kimoja cha shahada kilichofanya kazi yote. Kutu haijawahi kumpigia mtu besi.

Wenzetu Marekani wameugeuza ugonjwa huu wa kupenda uchakavu kuwa biashara. Kampuni ya Fender huuza magitaa mapya yaliyokwanguliwa makusudi kiwandani yaonekane makuukuu, na bei yake inapita ya yale yasiyo na doa. Kisumu kazi hiyo hufanywa bure na keria ya matatu ya Bondo.

Jumamosi jioni mzee anafika ukumbini, anafungua mfuko taratibu, anapangusa vumbi, anatafuta koleo. Kijana wa kinanda cha ohangla, anayepiga besi kwa mkono wa kushoto, yuko wimbo wa tatu na ameshatuzwa.