Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Jazi ya Piano kwa Wikendi Moja

Ndugu yangu, umealikwa nyumbani kwa mtu mwenye rafu ya santuri. Ameijaza matoleo mapya ya jazi iliyorekodiwa Ulaya: mtu mmoja na piano yake, pengine na sintesaiza pembeni. Wageni wengine wanajua mambo. Wewe hujui, na hutaki wagundue. Hilo si dhambi. Nani hapendi kuonekana ana masikio? Wala usiogope. Muziki huu ni mtamu kiasi kwamba hata anayeingilia mlango wa nyuma hatoki mikono mitupu.

Anza kwa kunyamaza. CD za ECM, lebo aliyoianzisha Manfred Eicher mjini Munich mwaka 1969, zina desturi ya kuanza na sekunde 5 za kimya. Wenzako wakianza kukagua waya, wewe inua kidole, tabasamu, subiri. Noti ya kwanza ikitoka, umeshapanda cheo na hujasema neno.

Pili, akodi waachie wenyewe. Ongelea piano: mbao, nyaya na pedali. Hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote, kwa hiyo nisikilize vizuri. Chukua The Köln Concert ya Keith Jarrett. Imeuza mamilioni ya nakala, kwa hiyo utaikuta tu. Jarrett ni Mmarekani, lakini usiku wa rekodi hii ni wa Ujerumani: jumba la opera la Köln, tarehe 24 Januari 1975, saa tano na nusu usiku, kwa sababu jukwaa lilikuwa na opera kabla yake. Mwandaaji, Vera Brandes, alikuwa binti wa miaka 18. Piano iliyoletwa haikuwa Bösendorfer aliyoomba Jarrett, bali ndogo ya mazoezi: sauti za juu nyembamba na kali, besi hafifu, pedali zinagoma. Nusura aondoke. Alipokubali kupiga, alikimbilia vitufe vya katikati, na mkono wa kushoto ukawa unarudia fungu lilelile tena na tena ili kufidia besi isiyokuwepo. Sasa sogea karibu na spika. Ule mzunguko wa kushoto unaokutikisa kichwa ni mtu anayepambana na chombo kibovu, na anashinda. Mwenzako akisema, "Muziki mzuri sana huu," wewe jibu, "Sikiliza anavyoutumia mkono wa kushoto." Kisha nyamaza tena.

Tatu, jifunze vyumba, kwa sababu chumba husikika. Villingen, katika Msitu Mweusi: Hans Georg Brunner-Schwer, wa familia iliyotengeneza redio za SABA, alimkaribisha Oscar Peterson nyumbani kwake na kuweka maikrofoni karibu kabisa na nyaya. Sikiliza My Favorite Instrument ya 1968 utadhani umeingiza kichwa ndani ya piano. Copenhagen: Abdullah Ibrahim, enzi hizo akiitwa Dollar Brand, alirekodi African Piano katika klabu ya Jazzhus Montmartre Oktoba 1969, watu wakiongea na vyombo vikigongana, naye akisonga mbele kama kawaida. Oslo: Facing You ya Jarrett (1971) na Open, to Love ya Paul Bley (1972), zote mikononi mwa fundi mitambo Jan Erik Kongshaug, sauti angavu, yenye nafasi pande zote. Ukisikia nyaya, sema Villingen. Ukisikia glasi, Copenhagen. Ukisikia nafasi, Oslo. Mara nyingi utapatia.

Kwenye sintesaiza usikisie aina ya mashine, kisia mwaka. Minimoog, iliyotoka 1970, hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, ndiyo maana mpigaji hushika akodi kwenye piano kwa mkono wa kushoto na kuimbisha mashine kwa wa kulia. Prophet-5 ya 1978 ilileta noti 5 kwa pamoja na kumbukumbu ya kuhifadhi sauti. Yamaha DX7 ya 1983 ikaleta mlio wa kengele na kioo. Kwa hiyo: sauti moja inayoteleza peke yake juu ya piano, taja miaka ya sabini. Kengele, taja themanini. Wakikubana, mtaje Wolfgang Dauner wa Stuttgart, ambaye katika Output ya 1970 alikuwa tayari akivuruga sauti za vinanda vyake kwa ring modulata. Watakuacha.

Usione haya kupenda toleo jipya. Atakuwepo mmoja wa kutamba na chapa ya kwanza. Mwache atambe, kisha uliza kwa upole: "Hili jipya limekatwa kutoka tepu ya asili au faili ya dijitali?" Swali ni halali, na wote watageuza majalada kutafuta jibu. Mimi msimamo wangu uko wazi: piano peke yake haina ngoma za kuficha mikwaruzo, kwa hiyo toleo jipya lililo safi linaishinda santuri kongwe iliyochakaa. Kampuni ya Edel inarudisha sokoni rekodi za MPS, lebo ya Brunner-Schwer, tangu ilipoinunua mwaka 2014; ECM ilianza mfululizo wake wa Luminessence mwaka 2023. Nunua.

Mwisho, taja jina moja ambalo mwenyeji hana. Mimi nakupa Irène Schweizer wa Uswisi, aliyefariki 2024. Albamu yake Wilde Señoritas ilitolewa Berlin na lebo ya FMP mwaka 1977. Lebo ya Intakt ya Zürich ikaitoa upya kwenye CD pamoja na Hexensabbat. Huyu sikiliza kweli kabla ya kwenda, walau mara moja, kwa sauti ya juu: anaipiga piano kwa nguvu zote, na ghafla katikati ya vurugu unasikia anacheza dansi. Mwenyeji akishika simu kuandika jina, mtajie herufi moja moja, kisha omba chai kabla hajauliza swali la pili.