Jinsi ya Kuziba Paa la Depo Bila Kupoteza Hata Faranga Moja

Mvua za Maniema, mkoa wetu wa mashariki mwa Kongo, hazina adabu. Zinapita kwenye tundu la msumari na kutua moja kwa moja juu ya mfuko wa saruji. Kwa hiyo wewe patro, mwenye depo Kasongo au komptua ya kununulia dhahabu Kabambare, huna budi kumpandisha mtu juu. Fuata hatua hizi.

1. Tafuta mtu, usitafute jukwaa. Chagua kijana mwembamba asiye na mkataba. Kanuni ya Kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde usalama wa mfanyakazi. Ili uikwepe, mwite “mwanangu”: papo hapo ajira inageuka undugu, na undugu haulipiwi michango ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kutumikisha watu hapa si jambo jipya: Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipitisha hapa misafara ya wapagazi. Jeshi la Dhanis, kamanda wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likaiteka Kasongo mwaka 1893, na serikali ya Leopold ikaja na kazi za lazima. Urithi huo usife mikononi mwako.

2. Jenga kitako. Mapipa mawili ya mafuta, ubao mmoja wa kitanda, juu yake kiti cha plastiki. Wajuzi wanasema jukwaa lisilofungwa popote, likiwa nje, kimo chake kisizidi mara 3 ya upana wa kitako. Wasalimie. Wanasema pia kila mguu ukanyage kipande cha ubao ili usizame kwenye udongo uliolowa. Wewe uache uzame: angalau utajua mapema litaangukia upande gani.

3. Simamisha ngazi wima. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi unatakiwa utoke mita 1 mbali na ukuta, na juu ngazi ipite ukingo wa paa kwa mita 1. Huko ni kuharibu miti. Yule anayeishikilia chini, mtume akanunue vocha.

4. Usiweke uzio. Jukwaa la kweli lina upana wa sentimita 60 au zaidi, ufito wa kuzuia mtu kwenye kimo cha mita 1 hivi, mwingine katikati, na ubao mfupi ukingoni unaozuia nyundo isidondoke. Lakini bila nyundo kudondoka, mama anayeuza mihogo chini ya baraza yako atajuaje kwamba kazi inaendelea?

5. Mwache atembee juu ya bati. Bati lenye kutu halibebi mtu. Fundi mwenye akili hulaza ubao mpana juu ya mapao kadhaa, akakanyaga ubao na si bati. Bahati mbaya, ubao wako uko kwenye mapipa.

6. Akianguka, tafuta mchawi. Kwa kawaida ni shangazi yake mzee, asiyejua hata duka lako liko mtaa gani. Gharama za hospitali ni za ukoo. Wewe peleka sabuni na pole.

Kama umechukia, kamtazame mkata chikichi. Hapandi mchikichi bila mkanda unaomzunguka yeye pamoja na shina, na hakuna mkaguzi aliyemfuata msituni. Elimu ya kutoanguka tunayo tangu mababu. Tunaiacha mlangoni mwa duka kwa sababu anayepanda si mwenye duka.

Basi pima jengo lako lenyewe: kimo cha ukuta, baraza inapozuia, uzito wa watu wawili na vifaa vyao na mfuko wa saruji wa kilo 50. Mpe vipimo hivyo seremala au mchomeleaji. Akuundie jukwaa linalofungwa kwenye ukuta, si kwenye nguzo ya baraza. Lenye ngazi yake na uzio wake. Linalofunguka vipande vinavyobebeka kwa baiskeli, maana njia ya Kabambare haipitiki kwa lori kila wakati. Lijaribuni likiwa chini kwanza, kwa mizigo, na mlikague kila mvua inapokatika.

Wenye maduka watano wa barabara moja mkichanga, jukwaa moja linawatosha. Kubalianeni wiki hii.