Doa la Rangi, Pokea Sifa Zako

Sisi watu wa Dar es Salaam tunajua kusifu. Bibi harusi husifiwa, marehemu husifiwa, mgombea husifiwa hata na wasiompigia kura, na timu iliyofungwa mabao matatu husifiwa kwa kumiliki mpira. Washairi wa pwani tangu enzi wamesifu macho, shingo, mwendo na nywele. Ila sijasikia mtu akisimama kulisifu doa: lile linalobaki kwenye beseni, taulo, masikio, foronya na ukuta wa bafu baada ya dada wa chumba cha mbele kuamua kwamba kuanzia leo nywele zake ni za waridi. Deni hilo nalilipa mimi, kwa niaba ya wapangaji wote wa Ilala, tangu Gerezani mpaka Buguruni, wanaochangia bafu moja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia.

Nywele zenyewe sizisemi. Zina mashabiki wake, zina kioo, zina simu za kuzipiga picha. Namsemea aliyefanya kazi kutwa nzima asialikwe kwenye picha.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu haozeshwi kabla hajaulizwa ni wa nani. Doa ni mtoto wa watu. Mwaka 1856, jijini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini haikupatikana. Kilichopatikana ni uchafu mweusi uliogandia chupani, na alipousafisha kwa spiriti akaona zambarau ya ajabu. Uchafu ule ukawa rangi ya kwanza ya kemikali kutamba sokoni, na nyuma yake zikafuata nyingine nyingi. Basi ijulikane kwamba doa ndilo lililotangulia, rangi ikaja baadaye kudai ukubwa. Na sisi tunaoishi kando ya bonde la Msimbazi, ambako mbu hawana likizo, tuna haki ya kusema kwamba tuliisubiri dawa ya malaria tukaletewa rangi. Mwaka 1907 mkemia wa Kifaransa, Eugène Schueller, akatengeneza rangi ya nywele akawauzia wasusi wa Paris. Kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo L'Oréal ya leo.

Hao ni wa upande wa baba. Kwa mama, doa lina damu ya pwani kabisa. Kabla ya Perkin kuzaliwa, hina ilikuwa inatwangwa, inakandwa na kupakwa huku kwetu. Hadi leo, Ijumaa baada ya swala, utawaona Kariakoo wazee wenye ndevu za rangi ya chungwa lililoiva, wakitembea polepole kwa heshima zao, na hakuna anayewauliza wamepatwa na nini. Bibi harusi naye, hina ikimkolea viganjani, mashangazi hupiga vigelegele. Hina hiyo hiyo ikidondokea shuka la mgeni inaitwa uchafu, na mwenye kuidondosha anaitwa mzembe. Dawa ni ile ile, rangi ni ile ile, tena kwenye shuka imekolea vizuri zaidi. Kosa lake ni kukaa mahali ambapo hakuna shangazi.

Sasa fadhila zake. Ya kwanza ni ukweli.

Pakiti ya rangi iliyonunuliwa Kariakoo ina picha ya msichana mwenye nywele za bluu ya bahari. Pakiti haisemi msichana yule alianzia wapi. Wewe unaanzia kwenye nyeusi, na nyeusi haikubali bluu mpaka iondolewe kwanza, ndiyo maana kuna blichi. Blichi hiyo, yenye haidrojeni peroksaidi, hufungua magamba ya unywele, huingia ndani na kuunguza melanini, na nyeusi hairuki moja kwa moja hadi nyeupe. Hupitia kahawia, ikawa nyekundu ya kutu, ikawa rangi ya chungwa, ikawa njano. Wengi wetu uvumilivu huishia kwenye njano, na wengine nywele huwaishia kwenye chungwa.

Kijana mmoja wa Mchikichini, Simba wa damu, alitaka kwenda kwenye mechi ya watani akiwa na kichwa chekundu chenye ubavu mweupe. Weupe ulikataa, ukasimama kwenye njano. Rafiki mjuaji akamwambia atie bluu kidogo ili kuiua njano. Bluu juu ya njano, hata mtoto wa chekechea mwenye rangi za maji atakwambia, ni kijani. Na ule wekundu nao ulikuwa umeshateremka shingoni pamoja na jasho. Akatoka bafuni kijani na njano, rangi za Yanga. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na zote mbili zina makao yao Ilala, moja Jangwani na nyingine Mtaa wa Msimbazi. Kijana wa watu akawa amehama klabu bila kuvuka wilaya. Waliompenda walimpa pole. Wasiompenda walidhani anatafuta udiwani kwa rangi za chama. Alivaa kofia mpaka mechi ikaisha, lakini masikio hayavai kofia, na masikio yalikuwa kijani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha rangi, sikio humuumbua.

Fadhila ya pili ni ujirani. Tuna semina za mshikamano, tuna vikoba, tuna wajumbe wa nyumba kumi. Vyote hivyo havijawahi kufanya kazi kwa kasi ya blichi iliyo kichwani wakati bomba limekatika.

Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, dada wa chumba cha mbele alikuwa ameshajipaka kichwa kizima. Mswaki mkuukuu ndio ulikuwa brashi. Mafuta ya mgando yalikuwa yamezunguka paji la uso kama inavyoelekezwa. Kofia ilikuwa nailoni ya pakiti ya rasta, maana rambo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza.

"Mama, naomba ndoo moja tu, kichwa kinaniungua!"

"Shikamoo kwanza," alijibu mama mwenye nyumba, hakuinua macho kwenye ungo wa mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka maji yapi, ya kunywa?"

"Hata ya kufulia, mama. Hata ya jana."

Maji yakaanza kutoka vyumbani. Huyu nusu dumu, yule kopo, fundi cherehani chupa mbili alizokuwa amezificha chini ya meza, na mpangaji wa uani ambaye hasalimiani na mtu akatoa ndoo nzima na kwenda zake bila neno. Tulikuwa tumeambiana asubuhi hiyo hiyo kwamba hakuna mwenye maji. Doa likatuumbua wote kwa wema wetu. Kichwa kimoja kikaoshwa na nyumba nzima, na kwa kuwa doa halina choyo, kila aliyesaidia alipata lake. Blichi ina doa jeupe, na kanga ya mama ikapata nyota ambazo kiwanda hakikuzichora. Siku ya pili ikaja rangi yenyewe, na shati jeupe la mwanafunzi wa darasa la nne, lililokuwa limeanikwa chini chini, likaenda shule likiwa na bega la waridi. Mtoto aliulizwa na mwalimu, akajibu kwa kifupi kwamba ni dada. Inaelekea mwalimu naye anaishi nyumba ya kupanga, maana hakuuliza swali la pili.

Fadhila ya tatu ni elimu. Kabla ya doa, nani Ilala alikuwa anajadili asilimia? Siku hizi utawasikia wasichana wakishauriana kwenye ngazi za duka kuhusu namba zilizoandikwa kwenye chupa: 10, 20, 30, 40, ambazo ni peroksaidi ya asilimia 3, 6, 9 na 12. Tatizo ni kwamba tunazisoma kwa hesabu ya sokoni, kuwa kubwa ndiyo nzuri, tukachagua 40 ili tuwahi. Karatasi ya maelekezo inasema jaribu kwanza kwenye ngozi, usubiri saa 48. Saa 48 huku kwetu ni muda wa kununua kiwanja. Karatasi hutumika kufunikia sakafu, hapo doa husoma maelekezo yote peke yake.

Na hapa nitoe sifa bila mzaha. Doa ni mpole kuliko wenzake waliotoka chupa moja. Piko na rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, na kwa mtu ambaye mwili wake haupatani nayo, huleta malengelenge, uso kuvimba na macho kufumba. Blichi ikipakwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha karibuni hukata nywele, ukachana zikabaki kwenye kitana. Mtu aliyetoka bafuni na paji la zambarau tu, kichwa kikiwa na nywele na macho yakiwa mawili, amshukuru doa kwa kumwachia risiti ndogo.

Fadhila ya nne ni uaminifu. Nywele zilizopita kwenye blichi magamba yake hubaki wazi. Rangi huingia kwa urahisi na kutoka kwa urahisi ule ule. Zile rangi kali za waridi, bluu na zambarau, nyingi hazina hata nia ya kukaa: hukaa juu juu, zikingoja shampuu, jasho la daladala au mvua ya vuli. Lakini saruji? Plasta? Taulo la pamba? Huko rangi hufika ikaoa na kuzaa. Wiki chache tu na kichwa kimerudi kuwa njano ya maharage, ilhali beseni bado lina bluu ile ile iliyokuwa kwenye picha ya pakiti. Anayetaka kujua rangi aliyoinunua ilikuwaje, akaangalie bafuni.

Watu wamelipiga vita doa kwa silaha zote. Wamelisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa dawa ya meno, kwa jiwe la kusugulia miguu. Wamelimwagia Jiki, taulo la kijani likapata doa jingine la manjano kando ya lile la zambarau, yakawa mawili. Hapo ndipo utamtambua kiumbe mwenye msimamo: ukimfukuza, anamwita ndugu yake.

Na msimamo katika mji huu si jambo dogo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi vikome Dar es Salaam ifikapo Januari 1969. Hapa hapa Kariakoo makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake waliokuwa kwenye mabasi kwa sababu ya nguo walizovaa. Aliyekuwa na wigi aliweza kulivua na kulitia kwenye pochi. Aliyevaa sketi fupi aliweza kujifunga kanga. Sijui operesheni ingemfanya nini msichana mwenye sikio la bluu. Asingekuwa na cha kuvua. Wajukuu wa wanawake wale leo wanapita Mtaa wa Kongo na vichwa vya rangi zote za machungwa na maembe, na wauzaji wanawaita "dada, karibu mzigo mpya" kama wanavyomwita kila mtu. Wakishikwa na kigugumizi cha nidhamu, ni mbele ya mama mwenye nyumba tu.

Najua watakaobisha. Watasema nenda saluni. Saluni kuna glovu, kuna aproni, kuna sinki lenye shingo, na kuna binti wa kupiga deki kila baada ya mteja. Ni kweli, na ndiyo kasoro yake. Saluni hukuuzia uzuri uliofutwa njia yake. Unatoka pale kana kwamba nywele zimeota hivyo, na hudaiwi chochote na mtu yeyote zaidi ya noti ulizoacha mezani. Wengine watasema vaa wigi la rangi. Wigi huvuliwa ukienda msibani, huvuliwa ukienda kijijini kwa bibi, huvuliwa mchumba mshika dini anapobisha hodi. Kitu kinachobadili msimamo kwa kila hodi hakiwezi kukaa meza moja na doa. Uzuri wa kwenye nyumba ya kupanga hauwezi kuwa wa mtu mmoja, hata akijifungia bafuni na kukomea kitasa. Maji ni ya wote, kamba ni ya wote, ukuta ni wa mama. Mmoja akipendeza, wote tumechangia, na doa ndilo daftari la michango.

Mama mwenye nyumba alilielewa hilo mapema kuliko sisi. Kwanza aliongeza kipengele kwenye mkataba: ni marufuku kupaka rangi bafuni. Dada akahamia jikoni. Kipengele kikaongezwa: na jikoni. Dada akahamia uani, kuku mmoja akapata bawa la waridi. Hapo mama akaacha sheria akashika hesabu. Akanunua ndoo ya rangi ya ukuta iliyofanana na doa, akamleta fundi, bafu zima likapakwa waridi kuanzia sakafuni hadi darini, gharama ikagawanywa kwa vyumba vyote na kuongezwa kwenye kodi. Tulilalamika jioni nzima. Mpangaji wa uani, yule asiyesalimiana na mtu, alilalamika kuliko wote. Kisha tukalipa. Sasa dada ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anahamia bluu, na jana mama alikuwa kwenye simu akimuuliza fundi bei ya ndoo.