Wakili Akija Ngomani, Apewe Kazi

Jamani, ngojeni nisonye kwanza. Mfyuu! Kila tamasha likifika, iwe Bagamoyo, iwe Ngome Kongwe kule Unguja, meza kuu inatandikwa kitambaa cheupe, maji ya chupa yanapangwa, wasomi wetu wanakaa. Mawakili nao wamo. Ngoma ikikolea wanainuka, wanatunza, wanapiga picha na wachezaji. Halafu gari linawashwa, hao, wamerudi mjini.

Msinielewe vibaya. Wakili kuvua koti akaingia uwanjani kucheza sindimba ni jambo jema, tena nalipenda. Sheria ilikaa mbali na watu miaka mingi, mpaka mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama hapa Tanzania. Mtu akimwona wakili anatoka jasho mbele ya ngoma, kesho hatamwogopa akiwa na shida ya shamba au ya mirathi.

Ninachosonyea ni kwamba wakili anakaa pale kama mgeni, na kazi yake iko nyuma ya jukwaa inamsubiri. Nendeni mkaone. Kijana ametoka kucheza, njuga ziko miguuni bado, anakuja mtu na kamera na karatasi za Kiingereza. Anaambiwa saini hapa, ni utaratibu tu. Meza hakuna, karatasi inalazwa juu ya ngozi ya ngoma, kijana anasaini. Ametoa nini? Picha? Sauti? Wimbo wenyewe? Wa mwaka mmoja au wa milele? Hajui, na nakala hakuachiwa.

Mnakumbuka yaliyompata Solomon Linda wa Afrika Kusini? Alirekodi Mbube mwaka 1939, haki zake zikaja kuuzwa kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia, Wamarekani wakautengeneza upya kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, ukaingia hadi kwenye filamu ya The Lion King. Mwenyewe alikufa maskini mwaka 1962. Aliyewasaidia binti zake ni wakili, Owen Dean. Alifukua sheria ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyosema haki alizouza mtunzi zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kesi ikafunguliwa mwaka 2004, mwaka 2006 ikamalizwa kwa maelewano, familia ikapata chake. Miaka 67 tangu wimbo urekodiwe! Wakili mmoja angekuwa kando ya mzee yule siku ya kuuza, wanawe wasingengoja hivyo.

Na kwetu msiseme sheria hakuna. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata sanaa za jadi, zile ambazo hakuna mtu mmoja anayeweza kusema nilizitunga mimi. Anayetaka kuzitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya jadi, anatakiwa aombe kibali. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria. Lakini hayo yote yanamfaa nini kijana anayesaini juu ya ngoma, kama hakuna wa kumsomea?

Tena mawakili hawa kazi ya uwanjani wanaiweza. Kila mwanzo wa mwaka, Wiki ya Sheria, mabanda yanasimamishwa na watu wanapewa ushauri bure. Hongera zao, kweli kabisa. Basi banda hilohilo lipelekwe na kwenye matamasha. Hatuombi makubwa: meza moja na viti, karibu na pale wasanii wanapobadilishia nguo, wakili wa kusoma mkataba kwa sauti kwa Kiswahili, na neno moja kwa vikundi vyote kwamba hasaini mtu kabla haujasomwa wala haondoki bila nakala yake. Mzee wa kundi asiyejua kusoma awe wa kwanza kuitwa, maana yeye ndiye anayebeba nyimbo za kijiji kizima.

Nanyi waandaaji, mkimpelekea wakili kadi ya mwaliko, mwandikieni na kazi yake humohumo. Akishamaliza mikataba ya watu, uwanja ni wake, acheze mpaka alfajiri, nasi tutamtunza.