Heko, kibanda umiza

Wanaodai Ipyana, Kyela, hakuna maisha ya usiku hawamjui kijana wetu mpenda sanaa. Zanzibar wana tamasha la filamu, ZIFF, tangu 1998. Masikini, hulisubiri mwaka mzima! La kwetu ni la kila jioni, kwenye kibanda umiza, banda letu la video.

Filamu ya Kikorea ikianza, mkalimani, mrithi wa sanaa ya Lufufu, mtafsiri wa filamu wa Dar es Salaam, humtamkisha mfalme maneno ambayo mwandishi hakuyaota. Ubunifu ulioje! Muuaji akikaribia kutajwa, mwenye rimoti anahamia kwenye mpira. Fumbo hubaki fumbo, kama wanavyolipenda wajuzi wa Paris. Muziki wa jukwaani? Mvua ya Kyela hupiga bati hadi alfajiri, bila kiingilio. Wachekeshaji nao hutujia kila baada ya miaka 5, na spika zao, na fulana za bure.

Anayependekeza tujengewe ukumbi achunguzwe. Huenda anataka vijana wazoee viti vyenye egemeo, kisha waanze kudai kila kinachoanzishwa kifike mwisho.